Mstari wa Kisogoni

Jumapili, 2 Machi

Mkasi wa Babu haupo. Wala mashine yake ya kunyolea, ile ya mkono, ya kubana kama koleo. Leo nimefungua chumba cha uani nifagie, nikavuta droo — tupu! Hata kile kitambaa cha kuwafunga wateja shingoni kimetoweka. Kiti kimebaki kwa sababu ni kizito.

Nimemwuliza Bibi. Ameendelea kuchambua maharage yake, akasema vitu vya marehemu havina haraka. Jibu gani hilo?

Lakini mwizi namjua. Baba mdogo. Tangu tumzike baba yake, miezi miwili sasa, wimbo wake ni mmojaaa tu: kinyozi hayupo, chumba cha nini, kipangishwe. Mimi na Bibi tunataka kibaki kama Babu alivyokiacha. Vifaa vikishapotea, nani atambishia? Ngoja tu.

Jumanne, 4 Machi

Makubwa! Leo kazini, pale dukani, mzee fundi viatu wa mtaa wa nyuma alikuja kununua dawa ya kikohozi. Nimempa chenji, akageuka kuondoka, nikaona kisogo chake. Nikashika kaunta.

Mstari wa Babu. Ule unaopanda upande wa kushoto! Ukoo mzima tumekua nao. Shuleni waliniita Mteremko, na binamu zangu wote wakawa Mteremko wadogo. Babu alikuwa kinyozi hodari, ila mstari wa kisogoni ulimshinda maisha yake yote, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kioo hakuweka. Alisema akiweka kioo kila mteja atajifanya fundi.

Sasa huyu mzee amenyolewa juzijuzi, ngozi bado inang'aa. Na Babu yuko kaburini. Nani amemnyoa?

Nilimwita nikamwuliza. Akasema, "Nimenyolewa tu," kisha akatoka mbio, kikohozi chote kimepona.

Alhamisi, 6 Machi

Mwingine! Mzee mlinzi wa shule. Mstari ule ule, mteremko ule ule. Nikamwuliza kwa adabu zote, shikamoo kwanza, mzee wangu, kinyozi wako ni nani siku hizi? Akanitazama kama nimemwuliza mambo ya chumbani kwake. Akasema, mjukuu wangu, ya wazee waachie wazee. Eti!

Basi nimeshaelewa. Babu alikuwa na mwanafunzi wa siri. Au — Mungu anisamehe — mtoto wa nje. Mtu aliyeuiga mkono wake mpaka kosa lake. Baba mdogo amempa vifaa, na wazee wa mtaa wanajua, wamekula njama. Nachukia wazo hili kuliko wizi wenyewe. Mkono ule ulikuwa wetu.

Shule zikikaribia kufunguliwa, Babu alituita mmoja mmoja. Aliketi mbele yangu kwenye stuli, magoti yetu yanagusana, viganja vyake viwili chini ya kidevu changu nisitikisike. Halafu hadithi. Ya mteja aliyelala kitini akaota yuko kwake, akaanza kudai chai. Ya bwana harusi aliyepiga chafya wembe ukiwa kwenye nyusi! Mashine inatafuna kisogoni, kri, kri, kri. Harufu ya sabuni. Bibi yuko huko nyuma na beseni lake la nywele. Nilicheka mpaka machozi.

Nimemkumbuka leo mpaka chakula kimenishinda.

Jumamosi, 8 Machi

Baba mdogo alikuja. Nimembana pale pale sebuleni, vifaa umempa nani? Ameapa. Amefoka mpaka sauti ikamkauka. Yeye? Atoe mkasi wa baba yake? Mkono wa mzee haukuwa na mfano mji huu mzima, na mimi namwita mwizi! Machozi yakamlengalenga. Maigizo, nikasema moyoni.

Ila alipotoka nilimwangalia kisogo. Saluni ya barabarani, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Hapo nikachanganyikiwa kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi ijayo analeta mpangaji akione chumba. Bibi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, kichwa amekilaza begani kama kawaida yake. Jicho lake la kulia halimsaidii. Hajanitazama siku nzima. Na yeye ananificha kitu?

Jumatano, 12 Machi

Nimeaga kazini, nikasingizia kichwa. Nimeinyatia nyumba ya bibi yangu mwenyewe — aibu gani hii! Mlango wa chumba cha uani ulikuwa umerudishwa tu. Ndani: kri, kri, kri.

Nikausukuma.

Mzee muuza magazeti amekaa kitini. Nyuma yake Bibi. Mashine mkononi, kichwa amekilaza begani.

Hakushtuka hata! Akasema nifunge mlango, upepo unapeperusha nywele. Akamaliza kazi, akampangusa mzee, akamsindikiza. Ndipo akanieleza, huku anafagia. Vifaa alivihamishia chini ya kitanda chake mwenyewe. Mikono ya Babu ilianza kutetemeka kabla sijazaliwa. Ndiyo maana aliacha kibanda cha barabarani akahamia nyumbani. Ile habari tuliyoambiwa sote, eti vumbi la barabarani lilimsumbua kifua, ilikuwa kisingizio. Babu akawa anapiga soga mbele, Bibi ananyoa nyuma. Wateja wake wa zamani walijua, wakanyamaza. Watoto na wajukuu tulipewa hadithi.

Viganja vyake vilikuwa kidevuni mwangu. Vyote viwili! Na mashine inatafuna kisogoni. Sikuwahi kujiuliza. Na vilitetemeka, nakumbuka vizuri sana, nikadhani ni kicheko changu kinavitikisa.

Nimelia sana. Kisha nikakasirika. Nikamwuliza kwa nini asimwambie Baba mdogo, chumba kibaki, yaishe. Akasema, "Mwanangu ana kitu kimoja cha kujivunia kwa baba yake. Nikichukue?"

Nikampokea ufagio, nikamalizia nywele. Ila usiku huu namtazama tofauti. Watu wawili wametunza siri hii miaka yote hiyo bila kupepesa macho. Wametunza na ngapi nyingine?

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haraka. Baba mdogo amefika mapema kuliko alivyosema, na mpangaji nyuma yake. Mlinzi wa shule yuko kitini, nusu kichwa amenyolewa, nusu bado! Kabla mlango haujafunguka vizuri Bibi amenisukumia mashine mkononi.

Baba mdogo akatazama kiti. Akatazama mashine. Akanitazama mimi. Akasema, "Kumbe ni wewe!"

Nikasema ndiyo, ni mimi. Sauti sijui nilitoa wapi. Mlinzi wa shule akadakia: "Mkono wa babu yake mtupu!" Akavaa kofia yake juu ya ile nusu, akaaga, akaondoka. Mungu amweke.

Baba mdogo akamwomba mpangaji radhi, chumba kina mwenyewe. Hivyo tu! Nilitaka kurukaruka. Bibi alikuwa ameshaingia jikoni.

Kisha Baba mdogo akavua shati, akaketi kitini. Akasema nimnyoe. Amechoka na saluni, anataka mstari wa mzee, usinyooshwe. Akiupata, nishike ufunguo wa chumba leo leo.

Sijawahi kunyoa hata mswaki! Nimesema naleta taulo, nikakimbilia huku chumbani.

Anaita. Nimemwambia nakuja.

Ameita tena. Si mimi. Sauti ya chini, ya upole, sijawahi kuisikia kwake:

"Mama, njoo wewe, kama zamani. Huyo ataniharibu."

Jikoni sufuria imeanguka. Bibi amesimama mlangoni pangu, mkono mdomoni. Ananiuliza kwa macho kama nimemwambia mimi. Natikisa kichwa. Hapana, Bibi. Wallahi si mimi.