Jezi Kumi na Tano za Radi

Jumapili, 7 Machi 1999

Kitabu hiki kinasema leo ni Jumamosi. Kinadanganya, ni cha mwaka jana. Colette wa saluni alinipa bure, kurasa za mbele zimejaa majina ya wanawake waliokuja kusuka. Nakata Jumamosi, naandika Jumapili. Mzee wa miaka sitini na nane anasahihisha kalenda! Mapadri walionifundisha ile miaka minne wangefurahi. Au wangenipiga, ndiyo walikuwa wanapenda zaidi.

Leo Radi imefungwa nne kwa moja. Na kama hiyo haikutosha, kocha wetu Honoré akakusanya watoto kwenye majani, akasema amepata karatasi ya Canada, anaruka Alhamisi. Watu wakalia. Mimi nikamuuliza: huko si wanacheza juu ya barafu? Ndiyo maana umefundisha hawa kuteleza mwaka mzima? Akacheka huku analia. Mtu mzuri, Honoré. Kocha mbaya, lakini mtu mzuri.

Basi Radi haina kocha. Radi ya Lukuga! Imezaliwa kwetu Kalemie, wakati ule wazungu wanaiita Albertville, na mimi ndiyo naanza kunyoa ndevu. Sasa inafungwa nne hapa Durban, uwanja wa Albert Park. Huyu Albert ananifuata, sijui nina deni gani naye.

Jumanne, 9 Machi

Kikao kwa Colette, saluni, Point Road. Colette ndiye présidente wa mashabiki, kwa sababu ana viti. Watu kumi na saba, drier mbili zinapiga kelele, mteja mmoja kichwa nusu kimesukwa nusu bado, naye anatoa maoni.

Majina mawili. La kwanza Urbain, mwalimu wa jiografia kule kwetu, hapa anauza mikanda West Street. Nalala kwake, nyuma ya pazia. Urbain ana daftari la mbinu. Watoto akiwasomea, wanasinzia wamesimama, kama punda.

La pili Deusdedit. Mtanzania! Wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa letu. Anafanya kazi bandarini, kwenye makontena, mikono kama makasia. Honoré alipougua malaria, huyu alishika timu mara tatu, wakashinda mara tatu.

Nikasema Kigoma hawajui mpira, wanajua dagaa. Hardy, golikipa, akasema: dagaa sawa, vieux (ndivyo wanavyoniita, mzee), lakini tulishinda. Colette akasema Urbain anaujua mpira kama yeye anavyojua ndege: ameziona zikipita. Eish! Urbain alikuwa amekaa pale pale, daftari mapajani.

Kisha Deusdedit akasimama, kwa adabu, akatoa masharti yake. Mazoezi saa kumi na moja asubuhi. Jezi mpya. Na jina jipya, Bandari Star, kwa sababu nusu ya wachezaji wanatoka bandarini na hakuna hata mmoja anayejua Lukuga ni mto au ni mama mkwe.

Watu wakapiga makofi. Yule mwenye kichwa nusu pia.

Bandari Star! Kama jina la sabuni.

Jumatano, 10 Machi

Sikufanya kazi vizuri. Nachunga magari ufukweni, karibu na mahali wanapouza samaki wa kukaanga. Nimemwambia mama mmoja arudi nyuma, rudi, rudi, rudi, akagonga pipa. Akanitukana vizuri sana.

Nilikuwa nafikiri sheria. Radi iko na sheria! Karani mmoja wa reli aliiandika baada ya mashabiki kutoana meno kwa ajili ya kocha: KOCHA ANACHAGULIWA NA JEZI, HAPANA NA MIDOMO. Kila mwenye jezi analeta yake, anaiweka miguuni pa mtu anayemtaka. Mwenye jezi akiwa amekufa, magasinier anaiweka kwa niaba yake. Akiwa hai lakini hayuko, jezi inabaki ndani ya gunia, inamngoja. Basi. Midomo ipige kelele inavyotaka.

Na magasinier ni nani? Ni mimi. Miaka thelathini nimetunza jezi, mipira, pampu, na ndimu za mapumziko. Vita ilipofika, watu walibeba sufuria na magodoro. Mimi nilibeba gunia la jezi. Marehemu mke wangu, kama angekuwepo, angeniacha kwenye maji ya ziwa.

Jioni nimeenda kumwambia Colette. Nilifikiri atacheka. Hakucheka. Akasema sheria ni sheria, vieux, Jumapili ya tarehe 21 baada ya misa kila mtu alete jezi. League wanataka jina la kocha na la timu Jumanne yake. Na jezi zikilingana? Sheria haisemi. Colette akafikiri, kitana mdomoni. Zikilingana, akasema, upande wenye watu wazima wengi zaidi utashinda. Anataka kusema: wenye pumzi.

Ijumaa, 12 Machi

Nimemwaga gunia kitandani. Radi ina jezi kumi na tano. Zamani zilikuwa njano. Sasa ni rangi ya meno yangu.

Kumi na mbili nimezigawa mwenyewe kwa watoto wa hapa, wanavaa kila Jumapili, hizo zina wenyewe. Zimebaki tatu.

Namba tatu, Japhet. Beki wa kushoto. Alikunywa pombe ya mahindi mpaka Jumamosi saa sita ya usiku, na Jumapili hakuna mtu alipita. Winga mmoja alisema Japhet hakumkaba, alimpumulia tu. Amekufa, tulimzika na filimbi.

Namba tisa, Ntakirutimana, Mrundi. Tulimwita Ntaki maana mtangazaji hakuweza kumaliza jina kabla ya goli. Alifunga goli moja kwa goti, moja kwa sikio, na moja hata yeye hakujua. Amekufa pia, kwenye barabara ya Uvira.

Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Urbain akauliza nyuma ya pazia: Papa, uko na mgeni? Nikamwambia ndiyo, niko na wageni wawili, na mmoja amelewa.

Namba sita nimeirudisha ndani ya gunia.

Jumapili, 14 Machi

Sare, moja kwa moja. Kiungo wetu Machano anacheza na fulana ya njano aliyobandika sita kwa utepe mweusi wa umeme. Dakika ya thelathini mkia wa sita umeanguka. Refa akaja: hii ni namba gani, sifuri? Wapinzani wakafa kwa kucheka. Deusdedit, pembeni, akaniangalia tu. Hakusema jezi mpya. Hakuhitaji.

Baada ya mechi nimepitapita nikiuliza, kama mtu anayeuliza saa. Saba wanamtaka Deusdedit. Watano Urbain. Na mimi nina wafu wawili! Saba kwa saba.

Kusema kweli, Japhet angemchagua Deusdedit. Hata Ntaki. Walipenda kushinda, wajinga wale. Japhet, nisamehe, unapigia kura daftari.

Lakini saba kwa saba, kwa sheria ya Colette, ni Bandari Star.

Jumatatu, 15 Machi

Urbain ameleta chai kitandani. Sukari tatu. Tangu nihamie hapa hajawahi kuniletea hata maji.

Alianza mbali. Radi ni kumbukumbu yetu, Papa Israël. Ikifa hapa imekufa kabisa. Sawa. Kisha akashusha sauti. Iko jezi moja zaidi.

Nikakoroga chai.

Akasema: tangu '96 hakuna barua. Hakuna simu. Watu wa Uvira wamefika hapa wengi, umewauliza wote, mpaka yule kipofu. Hakuna aliyemuona. Ni neno moja tu, Papa. Ukisema Aloys ni marehemu, sita inalala kwangu, tunakuwa nane kwa saba. Hakuna atakayekulaumu.

Nikamwambia chai ina sukari mingi.

Aloys ni mwanangu. Nalijua jina, sikuwa na haja ya kuliandika hapa, lakini nimeliandika.

Oktoba '96 alipanda meli kwenda Uvira, kazi ya wiki moja, kabla vita haijafika kule. Mechi ya mwisho ilikuwa matope. Alivua jezi akanirushia usoni, kama kawaida yake. Akasema: Papa, nifulie hiyo, narudi kabla ya Jumapili. Nikamwambia mimi si mke wako. Nilikuwa nimechoka. Niliifua Radi yote wiki ile, yake nikaiacha makusudi, aikute na matope yake, ajifunze.

Ile matope bado iko begani. Nimeichunguza leo. Imekauka ngumu kama ganda la yai.

Jumatano, 17 Machi

Deusdedit amekuja ufukweni, ametoka shift. Shikamoo, mzee. Kwetu hawanipi shikamoo, ni «jambo vieux» na mkono mgongoni. Nikaitika marahabaaa, ndefu, mpaka wazungu wakageuka.

Alileta bunny chow, mkate uliotobolewa tumbo na kujazwa maharagwe. Hongo! Nimeila yote, nikaramba vidole, ndiyo nikamwambia mimi sili hongo. Akasema si hongo, mzee, ni chakula. Nikasema Kigoma hamjui tofauti. Akacheka. Ana kicheko kizuri, inaudhi.

Nilingoja aombe kura. Hakuomba. Akasema: mwaka '94 mlivuka mkaja kucheza kwetu. Mkatufunga mbili. Mimi nilikuwa winga wa kulia, nina miaka ishirini, najiona mfalme.

Nakumbuka ile mechi! Nilisahau ndimu kwenye meli, watoto wakanyonya maembe, kipindi cha pili mikono ya kipa inanata.

Akaendelea. Kulikuwa na namba sita wenu, mwembamba, miguu kama korongo. Kila nikipata mpira, ananinyang'anya. Na kila akininyang'anya anasema: pole, kaka. Kila mara! Pole, kaka. Mara ya kumi nilitaka kumpiga ngumi. Mwisho wa mechi akaja kuniuliza wapi atapata viatu vya bei ya chini.

Hiyo pole ni ya mama yake. Hata mbuzi akimkanyaga, mama yule alimwambia mbuzi pole.

Nikataka kusema neno la kuchekesha. Nilikuwa nalo tayari. Nikaramba vidole tena, havikuwa na kitu.

Deusdedit akafuta mikono, akauliza hivi hivi tu: yule sita anacheza wapi siku hizi?

Anacheza wapi. Siku hizi.

Niliinuka haraka kumwelekeza mzungu wa Toyota arudi nyuma. Rudi, rudi, rudi. Hapakuwa na Toyota. Deusdedit alingoja mpaka nimemaliza kuiegesha.

Ijumaa, 19 Machi

Urbain amezungumza na Colette. Colette amezungumza na mimi. Amenikalisha kwenye kiti cha wateja, akaninyoa bure, ili nisikimbie.

Vieux, akasema, mimi sikulazimishi. Mimi mwenyewe niko na Deusdedit, unajua. Lakini ukisema neno lile Jumapili, tutasimama dakika moja, tutaimba, tutafanya matanga mazuri hapa hapa. Huenda utapumzika. Kisha Radi itabaki Radi.

Nikamwangalia kwenye kioo. Nikamuuliza: na nikilisema, halafu akashuka kwenye basi la Johannesburg, akanikuta nimemfanyia matanga, nimwambie nini? Tulihitaji kura?

Akaacha kunyoa. Upande mmoja umebaki na mvi. Nimetembea hivyo mpaka nyumbani.

Jumamosi, 20 Machi

Nimefua. Watoto wameniletea zao, kumi na mbili, na sabuni ya kipande. Nimefua bafuni, nimeanika kwenye kamba ya roshani, ghorofa ya tatu, njano imepepea juu ya robot, zile taa za barabarani. Dereva mmoja wa taxi akapiga honi. Kwa dakika mbili hivi palikuwa Kalemie, Jumamosi ya mechi, wanawake wa jirani wananitania: magasinier, tufulie na sisi!

Hakuna atakayefua hivi tena wakichukua jezi za dukani. Najua. Nimezikunja moja moja, pamoja na zile mbili za wafu, ambazo hazikugusa maji. Tatu ya Japhet imebaki na harufu ya pombe, nakuapia, au ni pua yangu.

Urbain alipita akahesabu kwa macho. Kumi na nne, akasema. Nikasema ndiyo, mwalimu, hesabu unaijua.

Jumapili, 21 Machi

Saa saba na nusu. Wametoka misa, wako kwa Colette, wamenitumia Urbain. Amevaa koti. Anakaa sebuleni, anapiga daftari gotini, nasikia.

Asubuhi sikwenda misa. Nilitoa sita kwenye gunia, nikaiweka kwenye ndoo. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai. Nilisugua bega pole pole. Ile matope ilikataa, kisha ikakubali yote mara moja. Maji nimeyamwaga mwenyewe, nimeangalia mpaka yameisha.

Jezi ya marehemu haifuliwi, inatolewa tu. Nimekuwa magasinier miaka thelathini, nalijua hilo kuliko Urbain.

Sasa anabisha. Papa, watu wanangoja, twende, leta gunia. Nimempa gunia kwa pazia, kumi na nne. Amehesabu. Papa, na sita?

Nimemwambia Aloys aliomba afuliwe jezi yake, nimefua. Huwezi kuweka jezi mbichi miguuni pa mtu, atapata baridi. Ngoja ikauke.

Ameenda kwenye roshani kuiangalia. Iko peke yake kwenye kamba, inadondosha. Basi ni saba kwa saba, Papa, anasema, ni Bandari Star. Na sasa mvua imeanza, ile ya Durban, inayotoka baharini bila hodi, na sitoki kuianua, iache imngoje.