Joto Halikumuua Baba Yako

Ha Rantsimane,
Mokhotlong.
14 Julai, 1997.

Mpendwa mpwa wangu Tlalane,

Kabla sijakuuliza habari za afya, inuka. Nenda dirishani ukachomoe yale matambara uliyoniandikia kwamba mama ameyashindilia ili baridi isiingie. Chomoa yote. Ukimaliza rudi ukae, tusalimiane kama watu.

Haya, hujambo mwanangu? Mama yako je, kile kikohozi cha vumbi la nyuzi za kiwandani kimepungua? Huku sisi ni wazima, ila theluji imegoma kuondoka. Bibi yako magoti yanamsumbua na bado ananigombeza kama mtoto, ingawa bonde zima linajua hakuna mwanamume mzuri kunishinda. Nimeikanyaga Johannesburg, nimeikanyaga Welkom, na kule Durban bahari yenyewe iliponiona ilirudi nyuma.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa dereva wa basi. Nilianza kuisoma nimesimama, kisha nikatafuta pa kukaa. Unasema mwalimu amewafundisha kwamba joto husafiri kwa njia tatu, halafu unaniuliza: Mjomba, ile iliyomuua baba ni ipi? Mimi darasa la tano lilinishinda, lakini swali hili sitaki akujibu mtu mwingine.

Kwanza tuziseme hizo njia, mwalimu wako asije akasema mjomba wako ni mbumbumbu. Ukisahau kijiko cha chuma ndani ya sufuria ya uji, joto linakipanda chote mpaka ukikishika kinakutoa machozi. Mwiko wa mti hauna kiherehere hicho. Hiyo moja. Hewa nayo ikipata moto hupanda juu, ya baridi ikashuka kushika nafasi yake, ndiyo maana paka wa Bibi analala juu ya kabati na sakafu anatuachia sisi. Ya tatu haihitaji kugusana. Unaota moto, magoti yanaungua huku mgongo unaganda. Ndivyo hata jua linavyotufikia.

Na blanketi halina joto lake, mwanangu. Linazuia lako lisikukimbie. Kule mgodini nilikofanya kazi nilibishana na mjuaji mmoja, nikaviringisha barafu ndani ya blanketi langu, ya kwake akaiacha mezani. Yake ikawa maji, yangu ikabaki jiwe. Alinivulia kofia, na kofia yenyewe ninayo hadi leo.

Baba yako Khethisa aliyajua haya yote bila ubao wala chaki. Siku ile theluji ilimkuta malishoni. Akashuka na wana-kondoo wawili waliozaliwa humo humo kwenye theluji, kawabeba kifuani. Nyumbani hapakuwa na mtu, ninyi mlikuwa mmeshahamia Maseru. Akawasha makaa ya mawe kwenye paola, lile kopo letu lenye matundu, akaliweka nje kama tufanyavyo sote mpaka moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu. Hapo ndipo tunapokosea, milima yote hii. Tukiona moshi umekwisha, tunadhani na ubaya umekwisha. Akaliingiza ndani, akaziba upenyo wa mlango kwa gunia bichi ili joto lisitoroke. Gunia likaganda likawa kama saruji.

Asubuhi nilivuka mto kumpelekea chumvi ya mifugo. Nilibisha hodi, kimya. Tukauvunja mlango kwa shoka, mimi na majirani. Chumba kilikuwa bado na uvuguvugu. Baba yako alikuwa amelala ubavu, wana-kondoo kifuani, blanketi limewafunika wote. Hakuwa na jeraha, wala hakuonyesha kuhangaika. Wana-kondoo nao walikuwa wamekufa. Unanijua mimi kwa maneno, Tlalane. Siku ile sikupata hata moja.

Sikiliza sasa. Makaa mekundu yakikosa hewa ya kutosha hutoa hewa yenye sumu. Haina moshi, haina harufu, haina rangi. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja, nao ni mtamu kwa sababu chumba kina joto. Mgodini tukishalipua baruti hakuna aliyeruhusiwa kuingia mpaka feni isafishe hewa, hata nyapara mwenyewe. Walikuwepo waliodharau. Nilisaidia kuwabeba.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: si ya kwanza, si ya pili, si ya tatu. Joto halikumuua baba yako. Alilizibia njia lisitoke, na pale pale linapotokea joto ndipo inapoingilia pumzi.

Najua mama yako ameambiwa mengine. Siku ya mazishi shangazi yako Puseletso alisimama mbele ya watu akasema nyumba ile imelogwa, na aliyeiletea balaa ni mwanamke aliyemkimbia mumewe akafuata cherehani za mjini.

"Shemeji," nikamwambia, "mchawi gani huyo anayeloga mpaka kondoo wachanga? Walimkosea nini, walimnyima maziwa?"

"Nyamaza wewe, mla vumbi la migodi! Darasa la tano tu, leo umekuwa daktari?"

"Hata hilo la tano sikulimaliza. Lakini mlango niliuvunja mimi. Wewe ulikuwa wapi?"

Watu wakaguna. Hata hivyo hakuyafuta maneno yake, na sasa naona mama yako ameyameza. Unasema kila jioni anapaka dawa ya mganga mlangoni, kisha anaingiza paola na kuziba dirisha. Tlalane, hewa ile haipiti mlangoni ikaiona dawa. Inazaliwa humo humo chumbani.

Msomee barua hii kwa sauti. Mwambie kaka yake amesema hana hatia yoyote, na anayebisha avuke mto aje anikabili. Upenyo wa dirisha peke yake hautoshi. Paola ibaki nje, hata makaa yakiwa mekundu namna gani. Mtasikia baridi, ndiyo. Baridi ni mshenzi, lakini hubisha hodi. Unatetemeka, unaamka. Ile nyingine haibishi.

Dereva huyu huyu amebeba blanketi langu, lile lililonishindia kofia. Laleni chini yake mgongo kwa mgongo. Mimi nitajifunika majigambo yangu, yanatosha kitanda kizima.

Msalimie sana mama yako Moliehi. Bibi anawasalimu, anasema usome. Mungu wa milima hii awalinde humo chumbani, nanyi mumsaidie.

Ukinijibu, tia ndani ya bahasha tambara moja la dirishani. Basi likirudi nisilipate, nashuka Maseru kwa miguu.

Mimi mjomba wako ninayekupenda, na ninayesubiri tambara,
Malefane