Tadea Hawarushii Wakubwa

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Besiboli tena leo. Glavu tatu, wanafunzi wangu ishirini na mmoja, na uwanja wetu wa Mbuji ulivyoinama — mpira ukikupita unaufuata hadi kwenye mashimo ya ngoro, yale ya kulimia mteremkoni, huko chini! Nikawaambia: magoti yakunjwe, mikono miwili, kama unapokea kitu kwa mkubwa. Wakaelewa papo hapo. Tadea, msichana wa darasa la sita, ndiye balaa. Hakuna mpira uliompita. Hakuna! Nilibaki mdomo wazi.

Jumanne, 12 Agosti 2025
Najuta ule mfano. Tadea akiwarushia wenzake, mpira unanyooka, paa! Amezoea kufukuza nyani shambani kwa mawe. Lakini nikisimama mimi beisi ya kwanza, ambako mpira lazima umtangulie mkimbiaji, anakuja mbio, anapiga goti, ananikabidhi mpira kwa mikono miwili! Mkimbiaji keshapita zamani. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikakumbuka: Jumamosi Mzee Mansuetus, kocha wa timu ya mkoa, anakuja kuchagua wawili wa kwenda kucheza Songea. Na beisi ya kwanza husimama yeye mwenyewe.

Alhamisi, 14 Agosti 2025
Nimekwenda kwa bibi yake Tadea, Bibi Walburga. Alikuwa anaanika kahawa. Nikamwamkia, nikaeleza. Akaniangalia weee, akasema: mtoto amtupie mkubwa kitu, kama anamtupia mbwa? Nikasema ni mchezo tu, Bibi. Akaniuliza mchezo ukiisha, adabu ataiokota wapi. Nimekasirika — na bado namheshimu, maana ndiye aliyemlea Tadea vile alivyo. Tadea kanisindikiza. Anaitaka Songea mpaka basi. Hata Mbamba Bay, hapo ziwani, hajafika.

Jumamosi, 16 Agosti 2025
Naandika hapa hapa ukingoni mwa uwanja. Mzee Mansuetus na mvi zake, beisi ya kwanza. Mpira wa chini, mkali, ukamwendea Tadea. Magoti, mikono miwili — kaunasa! Mkimbiaji huyo anakuja. Tadea kamtazama Mzee, kasita. Ee Mungu, asiende kupiga goti!

Akapaza sauti: "Shikamoo, Mzee!" — na mpira ukatoka.

Paa! Auti!

Mzee akatikisa kiganja, akasema marahaba, akacheka. Nimelia, sioni aibu. Sasa kafungua daftari lake. Na kumbe Bibi Walburga yupo! Katokea kwenye shamba la kahawa, anakatiza uwanja, kitenge kakikaza kiunoni. Mzee anauliza huyu binti ni wa nani. Nafungua mdomo — Bibi kaniwahi. Wangu, anasema. Wangu huyo.