Bi Mkubwa Alipomkataa Karani

Ghorofa ya Tatu,
Nyuma ya Karakana ya Baiskeli.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko? Magoti yanaendeleaje, na shemeji kifua chake kimepoa? Mimi nipo, ila nimechoka, uchovu ule ambao usingizi hauupunguzi. Si ugonjwa, usihangaike.

Unawakumbuka wale sungura wawili wa marehemu wifi yako: Bi Mkubwa mwenye maringo, na Karani anayetafuna kila karatasi aionayo. Miaka yote wamelala ubavu kwa ubavu, wakilambana masikio. Juma lililopita Karani aliumwa jino, akalazwa kwa daktari wa wanyama. Nilipomrudisha, Bi Mkubwa alimnusa mara moja tu, akamrukia. Manyoya yalitapakaa jiko zima. Nikaingiza mkono kuwaachanisha. Ndiyo maana kidole kina bendeji na mwandiko umekuwa huu.

Nikajiambia ni harufu ya dawa. Nikampangusa Karani kwa maji ya sabuni, ile ya mawaridi. Hapo ndipo vita vilipopamba moto. Nilipompigia daktari alicheka mpaka nikaona haya. "Mzee, alirudi mgeni, nawe ukamfanya mgeni mara mbili!"

Binti yangu hakucheka. "Baba, mmoja aondoke. Kwa umri huu utakuwa refa wa sungura?" Tayari alishampata mwalimu mwenzake wa kumchukua Karani. Nikampigia daktari tena. Mimi mwenyewe nimebaki mmoja wa wawili, najua ilivyo.

Daktari alinielekeza niwatenge kwa wavu, waonane bila kugusana, na nyasi za kulalia za huyu nimpe yule. Kisha nisugue kitambaa kimoja kwa huyu na kwa yule mpaka wanuke sawa, ndipo wakutane mahali ambapo hakuna anayepahesabu kuwa pake. Nilijaribu taulo, nikajaribu shati langu. Bi Mkubwa aliendelea kunguruma kama pikipiki mbovu.

Basi nikafungua kabati. Ile sweta ya kahawia ya wifi yako, aliyokuwa akiivaa akiwapakata wote wawili, sikuwahi kuifua. Unaelewa kwa nini. Nilisimama nayo kitambo, nikainusa, kisha nikawasugua nayo, huyu na yule, yule na huyu.

Leo asubuhi nimewakutanisha kwenye korido, nimesimama na ufagio kama askari wa zamu. Bi Mkubwa akanusa. Akanusa tena. Akainamisha kichwa chini ya kidevu cha Karani ili alambwe, kwa maringo yale yale. Nami nikaketi sakafuni pale pale. Binti yangu amempigia yule mwalimu kumwomba radhi.

Sweta sasa inanuka sungura tu.

Nisalimie shangazi, binamu Kinyozi na wale mapacha wenu watundu. Mwambie shemeji aache sigara, asisingizie vumbi.

Uliniuliza nitarudi lini. Sijui, mdogo wangu. Nimeoga sabuni za huku miaka mingi mno. Ila nikija, usiudhike watoto wakinitazama kama mgeni, wala usiwasukume wanikumbatie. Nipe kwanza blanketi mnalojifunika kila siku, nilale nalo. Na tafadhali, usilifue.

Mola awafunike nyote kwa rehema zake.

Kaka yako, anayekupenda kwa mbali na kwa karibu,

Kaka Mkubwa