Mjumbe Wetu Hapandi Ngazi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaaibika mbele ya jengo zima. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, jengo letu ni la ghorofa nne, na mwaka huu kwa roho yangu safi nilitenga nafasi moja ya mjumbe kwa mtu mwenye ulemavu, tukamchagua mama mmoja fundi cherehani wa ghorofa ya chini anayetumia kiti cha magurudumu, tukapiga naye picha, watu wakanisifu, laiti ningejua! Mikutano yetu hufanyika ukumbi wa juu kabisa, lifti ilishakufa zamani, basi yule mama akaniambia, "Mwenyekiti, si tukutane chini tu, hata hapo uani?" nikamjibu uani kuna kamba za nguo, heshima ya kamati itakuwa wapi, ila nitatafuta wanaume wawili wakubebe, naye akasema, "Mimi si gunia la saruji, baba." Mshauri, kosa langu hapo ni lipi? Alipozidi kukosa mikutano nikatangaza kiti chake cha ujumbe ki wazi, yeye akaitisha mkutano wake uani, nikacheka, lakini wakashuka wote, wazee wenye magoti mabovu, wanawake wenye watoto mgongoni, mpaka mke wangu aliyeniaga kwamba anakwenda kuanua nguo, huko juu nikabaki mimi na katibu, ambaye ni shemeji yangu. Huku si kutubagua sisi wenye miguu? Nimwondoeje bila kuonekana mbaya?

Mwenyekiti, Ghorofa ya Nne

Mwenyekiti, pole. Kukaa juu ya ngazi zote hizo ukimhutubia shemeji kunachosha.

Umempa mwenzako nafasi, ukaiweka asikofika, kisha ukamwita mtoro. Hiyo si roho safi, ulitaka picha. Na habari za kubaguliwa usiniletee: ngazi hizo hizo zinashuka pia, na uani hakuna aliyekufungia mlango. Wale wazee walikuwa wakipanda huku wameuma meno, wala hukuwahi kuwauliza. Fundi kauliza mara moja, wakamfuata, mkeo akiwemo.

Sasa sikia. Futa tangazo lako leo. Mwombe radhi mbele ya watu wale wale, usiende kumnong'oneza mlangoni kwake. Mikutano yote iwe chini, na mwenye nyumba umsumbue mpaka lifti ipone, maana fundi naye ana majirani wa kuwatembelea huko juu. Na ukifika uani, nyoosha mkono, usubiri yule mama akuruhusu kusema.