Mashine Isiyopaswa Kukumbuka

Garissa, Jumatano, alasiri. Joto limekaa juu ya mabati kama mgeni asiye na nia ya kuondoka, na upepo wa vumbi umenyamaza tangu adhuhuri. Sipendi unavyonyamaza.

Asubuhi Dekow, anayeuza vitambaa chini ya chumba changu, alipanda ngazi akihema.

"Maalim, watu wawili imekuja. Inauliza kombyuta yako iko chumba gani."

"Ukawaambia nini?"

"Nimesema huyu mzee bado anaandika kwa kalamu. Hawakucheka."

Hawakucheka. Hilo ndilo nimekuwa nikilifikiria siku nzima.

Kesho natoa makala kuhusu malori ya maboza ya maji ya msaada yanayopita shule yenye watoto wenye kiu na kwenda kumwagilia shamba la mkubwa mmoja. Shahidi wangu ni mama aliyeyaona kwa macho yake. Kijiji chake sikitaji, na wewe msomaji usijisumbue kukisia. Ujumbe wake ulinifikia umefungwa kwa msimbo, na kwenye diski umekaa hivyo hivyo. Huwa naufungua ndani ya kumbukumbu ya muda tu ya seva, kompyuta ya humu chumbani inayobeba blogu hii; nasoma, nafunga, na umeme ukizimwa kumbukumbu hiyo hufutika.

Lakini seva hii ndogo huelemewa. Wasomaji wakimiminika, kumbukumbu hujaa, nayo mashine huchagua programu inayokula zaidi na kuiua. Inayouawa ni ile inayotunza maandishi yangu yote, na blogu hufa watu wakiwa mlangoni. Kuna magazeti yanayolipwa ili yanyamaze. Langu hunyamaza bure.

Leo Hodan, fundi wangu na binti wa dada yangu, anayeniita abti, mjomba kwa Kisomali, alikuja kuiwekea swap, yaani nafasi kwenye diski ambako mashine hupeleka vitu isivyovihitaji kwa sasa ili kumbukumbu ipumue.

"Abti, umembebesha punda mzigo wa ngamia," alisema, "halafu unamtukana akilala."

Akapendekeza faili la swap la kawaida, kazi ya dakika chache. Nilikuwa karibu kukubali. Ndipo nikauliza: kinachopelekwa huko, mashine ikizimwa kinafutika?

"Hakifutiki. Kinabaki mpaka kitu kingine kije kukikanyaga."

Marehemu baba alikuwa akitazama mchanga anakwambia ngamia aliyepita ni wa nani, ana mimba au hana, na kama aliyemswaga alikuwa na haraka. Diski ni mchanga huo. Jina la yule mama, nililolifungua kwa muda mfupi tu, lingeweza kupita pale na kuacha nyayo. Mtu akiibeba mashine, atazisoma kwa starehe yake.

Niache swap kabisa? Makala yatakufa kesho asubuhi, na wezi wa maji watasema Mungu kawasaidia.

Kwa hiyo nimechagua swap iliyofungwa kwa ufunguo ambao mashine inajitungia yenyewe kila inapowaka, na haiuonyeshi kwa mtu yeyote, hata mimi. Umeme ukikatika, ufunguo unakufa, na kilichobaki ni takataka. Hodan alinionya kwamba mashine haitaweza tena kulala na kuamka pale ilipoishia. Vizuri. Sitaki iamke ikikumbuka.

Ikabaki betri. Nimelaani kukatika kwa umeme kwenye blogu hii mpaka nikawachosha wasomaji, kisha nikanunua betri ya sola ili seva isizimike kamwe. Leo nimeichomoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Sasa uhai wa seva ni waya mmoja ukutani, karibu na mguu wangu; nikiuvuta, ufunguo unakufa.

Nilifanya mazoezi ya kuuvuta kwa mguu. Mara ya kwanza nikaipiga teke chupa ya chai.

"Abti, umenenepa. Sogeza kiti," Hodan akasema. Kisha akawa anatazama barabara kupitia dirishani.

Nyinyi wawili, najua mnasoma hapa. Njooni mbebe. Mtabeba chuma.

Hayo ndiyo ninayoyaandika. Ninachokifanya ni kusogeza kiti, kukipima, kukisogeza tena. Tangu Hodan aondoke, gari jeupe limesimama mbele ya duka la Dekow, injini inanguruma, na hakuna anayeshuka.

Makala yanatoka kesho, nikishaswali alfajiri.

Nimevua viatu. Kidole cha mguu kiko juu ya waya. Kitakuwa chepesi kuliko miguu yao ngazini?