Kushoto ni Koti Tu

Dilolo, 9 Juni 1974

Kwa kaka yangu mkubwa, yaya Kalenga,

Jambo sana. Huku tu wazima, mimi na mke wangu Ndaya. Kifua kilichonisumbua mwezi wa tano kimepona. Shemeji yangu, mama Mbelu, hajambo? Batoto wanasoma? Na goti lako?

Nina habari, uisome ukiwa umekaa. Bwana Louis, injinia wako, alifika hapa kwa treni ya Jumanne akielekea bandari ya Lobito kurudi kwao, na masanduku kumi na moja. Tukutuku yake kubwa ya Kijerumani, ile pikipiki uliyoifunga mwenyewe kwenye wagoni ya mizigo huko Kolwezi, haikuvuka mpaka. Upande wa pili walitaka karatasi ambayo hakuwa nayo. Karani wa mizigo aliyekuwa zamu ni mimi. Treni ilikuwa inapiga honi. Basi ameniachia mimi tukutuku.

Ninapoandika iko barazani. Jana niliizungusha stesheni mara mbili, mpaka mkuu wetu akatoka nje na chakula mdomoni. Wewe umeitunza miaka tisa, unajua kila skrubu yake. Mtu mpya aanzie wapi?

Mudogo wako,
Mwenze


Kapata, Kolwezi, 17 Juni 1974

Mudogo wangu Mwenze,

Barua yako imefika kwa mkono wa Kalombo wa treni. Hapa tu wazima, batoto wanasoma, goti linauma asubuhi tu. Nafurahi kusikia kifua kimepona.

Habari yako niliisoma nimesimama, garajini, na ilibidi niisome mara mbili. Miaka tisa, kila Jumamosi nikitoka kazi, nilikwenda kwa Louis kuishughulikia ile mashine. Mwezi wa nne nilimwomba aniuzie. Akasema: "Kalenga, hii siwezi kuiacha hata nikifa." Sasa nasikia ameiacha na hajafa. Sawa. Angalau haikutoka nje ya familia.

Mtu mpya aanze hivi. Aiwashe ikiwa imesimama kwenye stendi yake ya miguu miwili, aisikilize dakika tatu kabla ya kupanda. Silinda zake zimetokeza pembeni kama masikio. Moja ikichelewa, utasikia. Esansi ya mapipa ina maji na kutu, kabla ya kuitia kwenye tangi uichuje kwa ngozi laini, si kwa shati. Kiangazi hiki safisha kichujio cha hewa kila jioni. Mafuta ya ekseli ya nyuma watu huyasahau kwa sababu hayaonekani. Usiyasahau.

Na uache kuzunguka stesheni. Mashine ile haikutengenezwa kwa kuonyeshwa. Ni ya kwenda kilomita mia nne kwa siku, chini ya mtu anayeijua.

Mbelu anauliza kama bado ni nyeusi. Nimemwambia ni nyeusi, niliipaka mwenyewe.

Yaya wako,
Kalenga


Dilolo, 30 Juni 1974

Yaya Kalenga,

Salamu nyingi. Hatujambo, baridi ya asubuhi tu. Ndaya anamsalimia mama Mbelu, anasema kitambaa alichomtumia ameshakikata, gauni litakuwa tayari mwezi ujao. Siku hizi mashine yake ya kushona hailali. Bibi za maofisa wote wa hapa wanashonewa kwake.

Maneno yako nimeyafuata yote. Ngozi nimepata, kichujio nasafisha. Tukutuku inanguruma vizuri kuliko ilivyokuwa mikononi mwako, usikasirike. Watu wa hapa hawaniiti tena Citoyen Mwenze, wananiita Citoyen Silinda. Nikipita sokoni, mama wa mihogo wanasema: "Tata, utatubeba siku gani?" Najibu: "Mungoje, kwanza bibi."

Yaya, unakumbuka nilipokuwa naishi kwenu Kapata? Kila Jumamosi uliitoa kuijaribu mpaka daraja la Lualaba, mimi nimekaa kwenye ngazi nangoja. Kwa miaka minne ulinipakia mara moja tu. Ulisema mimi mzito, naharibu usawa. Leo nina kilo themanini na mbili na hakuna wa kuniambia kitu.

Jumamosi tarehe ishirini Julai nampeleka Ndaya kwa mama yake, Sandoa. Tutabeba chumvi, sabuni na sufuria mbili. Nieleze njia ya mchanga inaendeshwaje ukiwa na mtu nyuma. Na mizigo kwenye sakoshi, ile mifuko ya pembeni, niipange namna gani, kulia nini, kushoto nini?

Mudogo wako,
Mwenze


Kapata, 8 Julai 1974

Mwenze,

Tu wazima. Tumshukuru Mungu kwa mashine ya Ndaya.

Kilo themanini na mbili ni nyingi. Ningekuwa wewe ningepunguza kabla ya tarehe ishirini.

Kwenye mchanga punguza upepo wa matairi kidogo, ukirudi kwenye udongo mgumu ujaze tena. Usikaze mikono, acha usukani uchezecheze wenyewe. Tazama mbali, ukitazama gurudumu utafuata gurudumu. Freni ya kusimamisha gurudumu la mbele usiiguse kabisa mchangani. Ukikuta vumbi la kamyo ya mizigo, simama, vuta sigara, liache liende. Ndaya asikushike shingo, akushike kiunoni, na ukilala upande mmoja alale nawe. Kila saa mteremke. Beba buji mbili za akiba, moja kwa kila silinda, mpira wa ndani na pampu.

Mizigo igawe sawasawa, kulia na kushoto, isije ikaegemea.

Siku ile niliyokupakia ilikuwa Noeli. Ulilia kwa furaha ukanilowesha mgongo. Hilo hukuliandika.

Kalenga


Kapata, 13 Julai 1974

Mwenze, mudogo wangu,

Salamu za afya nitaziandika siku nyingine. Kwenye ile barua ya tarehe nane kuna jambo moja si kweli.

Usiweke mzigo kushoto. Mwaka wa sabini na moja kibebeo cha sakoshi ya kushoto kilikatika. Garajini hapakuwa na chuma cha kuchomelea, nikakiunga kwa shaba, nikasugua, nikapaka rangi nyeusi. Ukitazama huoni. Louis alicheka, akasema ni Kolwezi tu ambako tukutuku inaungwa kwa shaba. Tangu siku ile hakuweka kitu kushoto isipokuwa koti lake la mvua. Kilo tatu. Kikikatika njiani, sakoshi itaingia kwenye gurudumu la nyuma na gurudumu litakwama.

Uliniuliza wazi. Nilijua jibu nikaandika lingine. Sikutaka ufe. Nilitaka ikuharibikie tu, urudi kwa miguu, useme kwamba Kalenga peke yake ndiye aliyeiweza. Namna itakavyoharibika sikuiwaza mpaka mwisho.

20 Julai. Barua hii imekaa mfukoni siku saba. Niliacha treni ya Jumatano ipite. Telegramu ningeweza kupiga, lakini niliona haya mtu wa posta aisome. Leo asubuhi Mbelu alikuwa anafua suruali, akaikuta, akasoma yote. Akasema: "Tata Kalenga, mutu anaandikaka barua juu ya kuiweka mu mufuko? Ndaya iko juu ya ile kintu leo!" Nimekimbia na goti hili mpaka stesheni. Nimepiga telegramu, na barua nampa Kalombo. Kama hamjaondoka, msiondoke.

Kalenga


Dilolo, 11 Agosti 1974

Yaya,

Tu hai. Naanza na hilo.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Telegramu ilifika saa tano. Kwenye kilomita ya themanini, palipo na mabonde, kibebeo kilikatika. Chumvi ilikuwa kushoto, kilo ishirini. Sakoshi iliingia kwenye gurudumu kama ulivyoandika. Mimi nilichubuka tu. Ndaya alitupwa mbele, akauangukia mkono wa kulia, ukavunjika mahali pawili. Kamyo ya mihogo ilituchukua mpaka Sandoa, masista wakaufunga. Wamesema utaunga, lakini kifundo hakitageuka vizuri tena. Mashine ya kushona imefunikwa. Gauni la mama Mbelu linaning'inia na mkono mmoja.

Niliokota kipande cha chuma pale njiani. Palipokatika palikuwa pekundu. Nani mwingine angeunga chuma kwa shaba? Nilikaa mchangani nikakutukana kwa sauti mpaka Ndaya akaniambia ninyamaze.

Lakini nami nina la kusema.

Louis hakuniachia mimi tukutuku. Treni ikiwa tayari inaondoka aliniita dirishani, akasema: "Ni ya Kalenga. Uirudishe Kolwezi kwa wagoni ya kwanza. Na umwambie, kushoto ni koti tu, kama siku zote." Karatasi ya mauzo aliiandika jina lako, ninayo. Nilisema nitairudisha Jumamosi. Jumamosi nikaipanda. Nikakumbuka ile ngazi ya Kapata.

Maneno ya koti sikuyaelewa. Nisingeweza kukuuliza maana yake bila kukuonyesha kwamba yalikuwa ujumbe ambao Louis alikutumia wewe. Ndiyo maana niliuliza mizigo inapangwaje, kwa kuzunguka, nikangoja uniambie mwenyewe.

Ndaya nimemweleza yote, ya kwako na ya kwangu. Alisikiliza, akauliza kama tumemaliza. Tangu hapo anaongea nami mambo ya chakula tu.

Tukutuku nimeipakia leo, na karatasi iko chini ya kiti. Ni yako.

Mwenze


Kapata, 15 Septemba 1974

Mudogo wangu Mwenze,

Jambo. Huku tu wazima wote, hata goti. Barua hii umsomee Ndaya, akikubali.

Tukutuku ilifika tarehe kumi na tano Agosti. Nilikata vibebeo vyote viwili nikavitupa. Nimetengeneza vipya kwa chuma cha reli, nimechomelea kwa chuma, na pale palipochomelewa sikupaka rangi. Mtu ataona kila mshono. Nilipakia mifuko ya saruji, kilo arobaini kulia na arobaini kushoto, nikaenda mpaka daraja la Lualaba na kurudi mara tatu, nikipita makusudi kwenye mashimo. Havikutikisika.

Nisikudanganye tena: ile safari ya tatu nilikwenda polepole ili isiishe. Kwa nusu saa ilikuwa yangu kweli, kwa karatasi na kwa jina. Halafu nikakumbuka lile gauni lenye mkono mmoja.

Leo nimeifunga kwenye wagoni kwa mara ya pili. Kwenye karatasi ya mauzo, nyuma, nimeandika kwamba nimempa Ndaya, na Mbelu ametia sahihi kama shahidi. Si yako, Mwenze. Akitaka, aiuze anunue mashine ya kushona inayoendeshwa kwa miguu, ili mkono wa kulia upumzike. Akitaka kuiweka, wewe utaiendesha akikutuma.

Mikono yangu ilikuwa mizito kwenye kamba, na nilipoona wagoni inaondoka bado nilikuonea wivu, kwa vile wewe utakuwepo ikiteremshwa. Sijui utaisha lini.

Ushauri wangu ni mmoja tu umebaki. Kushoto sasa kunabeba.

Yaya wako,
Kalenga